Kampuni kubwa ikishika mradi huria: jinsi ya kupima kabla hujajenga juu yake

Watu hubishana kama jumuiya ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadili, iziamini kampuni kubwa za teknolojia au isiziamini, na mabishano hayaishi kwa sababu kampuni haina tabia ya kudumu. Microsoft, ambayo mkuu wake Steve Ballmer aliiita Linux saratani mwaka 2001, ndiyo iliyoinunua GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa miradi mingi huria, mwaka 2018 kwa dola za Marekani bilioni 7.5. Sun Microsystems ililea Java, MySQL na OpenOffice; Januari 2010 ikamezwa na Oracle, na nia njema ya wakubwa wa Sun haikumfunga mmiliki mpya. Watumiaji wa CentOS 8, mfumo endeshi wa bure unaotokana na ule wa Red Hat, walitarajia masasisho hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat, ikiwa tayari ni mali ya IBM, ilitangaza kwamba mwisho ni 31 Desemba 2021. Hakuna leseni iliyovunjwa pale. Tarehe iliyotajwa kwenye ukurasa wa msaada haikuwa mkataba.

Kwa hiyo acha kuuliza kampuni ina moyo gani. Uliza hivi: ikibadili nia kesho asubuhi, inaweza kufanya nini bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na wewe utahitaji muda gani kuondoka? Majibu yote mawili yanapatikana kwenye hazina ya msimbo na nyaraka za mradi wenyewe, na kwa mradi mmoja nusu siku inatosha.

Leseni na historia yake

Vuta hazina nzima kwa `git clone`. Usitumie `--depth 1`, maana utakosa historia, na hapa historia ndiyo kila kitu.

```
git log --follow --date=short --format='%h %ad %s' -- LICENSE
find . -iname 'LICENSE*' -o -iname 'COPYING*'
```

Amri ya kwanza inaonyesha kila mara faili la leseni lilipoguswa. Miradi mingine huliita `COPYING` au `LICENSE.md`, na `--follow` hukubali faili moja tu kwa wakati, kwa hiyo rudia kwa kila jina. Marekebisho ya mwaka wa hakimiliki si kitu. Maandishi yaliyobadilika yote kwa mpigo ndiyo ya kusoma.

Amri ya pili hutafuta leseni zilizojificha ndani ya folda. Kampuni nyingi huweka vipengele vya kulipia kwenye folda kama `ee` au `enterprise` chini ya leseni nyingine. GitLab hufanya hivyo waziwazi, na hakuna ubaya. Shida huanza pale kipengele unachokitegemea kila siku, kwa mfano kuingia kwa akaunti za ofisi au kunakili data kati ya seva, kinapokaa upande wa kulipia. Andika vipengele unavyotumia kweli, kisha tafuta kila kimoja kinakaa folda gani.

Leseni zenyewe zigawe mafungu matatu. MIT, BSD na Apache 2.0 ni legevu: mtu yeyote, kampuni ikiwemo, anaweza kuchukua msimbo na kufunga toleo lake linalofuata. GPL na AGPL hurithisha masharti: ukisambaza kazi iliyotokana nazo, sharti uitoe chini ya leseni hiyohiyo. Fungu la tatu hufanana na programu huria lakini silo. Humo mna BSL (Business Source License) na SSPL (Server Side Public License). Shirika la Open Source Initiative, linalotunza maana rasmi ya leseni huria, lilisema wazi Januari 2021 kwamba SSPL si leseni huria. BSL huzuia matumizi fulani ya kibiashara kwa muda, kisha kila toleo hugeuka kuwa huria baada ya miaka isiyozidi 4. Miaka 4 kwa programu ya seva ni umri mrefu. Toleo litakalokuwa huru siku hiyo litakuwa limeshapitwa na marekebisho mengi ya usalama.

Angalia pia hataza (patent), yaani haki ya kipekee juu ya uvumbuzi. MIT na BSD hazizitaji kabisa. Apache 2.0 katika kifungu cha 3 inampa mtumiaji ruhusa ya hataza za wachangiaji, na inaifuta kwa yule atakayeshtaki kwa hataza kuhusu programu hiyo. Kampuni ikiongeza karatasi yake ya hataza pembeni ya leseni ya kawaida, isome neno kwa neno. Facebook ilikuwa na karatasi ya namna hiyo kwenye React, maktaba yake ya kujengea kurasa za wavuti. Julai 2017 Apache Software Foundation iliwakataza watu wake kuitumia ndani ya miradi yao, na Septemba mwaka huohuo Facebook ikahamia MIT. Shinikizo hufanya kazi linapotoka kwa mtu ambaye kampuni inamhitaji.

Mkataba wa mchangiaji

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo nguvu zilipo. Fungua `CONTRIBUTING.md` uone kama mchangiaji anatakiwa kutia saini mkataba, ule uitwao CLA, kabla msimbo wake haujapokelewa. Kisha uusome pamoja na leseni, kwa sababu kimoja bila kingine hakikuambii chochote.

Leseni legevu, iwe na mkataba au isiwe nao, inairuhusu kampuni kufunga toleo lijalo. Redis, hifadhidata inayotumika sana kwenye seva, haikuhitaji mkataba wowote kuhama kutoka BSD mnamo Machi 2024. BSD yenyewe ilitosha. Faraja yako ni kwamba matoleo ya zamani yanabaki huru milele, na wewe una haki ileile ya kuyaendeleza.

Leseni inayorithisha masharti, ikiambatana na mkataba unaoipa kampuni moja haki ya kutoa msimbo wako kwa leseni yoyote, ndiyo hali isiyo na usawa kuliko zote. Watu huiona AGPL wakatulia. Lakini AGPL inawafunga wengine wote isipokuwa mwenye mkataba. Yeye peke yake anaweza kuuza msimbo ule kwa masharti ya kufungwa, kazi yako ikiwemo, na wewe huwezi.

Leseni inayorithisha, bila mkataba, na waandishi wengi: hiyo ndiyo kufuli imara. Kiini cha Linux kiko chini ya GPL toleo la 2, hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu na waajiri wao, na tangu 2004 mchangiaji huthibitisha tu chimbuko la msimbo wake kwa mstari wa `Signed-off-by`, unaowekwa kwa `git commit -s`. Utaratibu huo huitwa DCO na hauhamishi haki yoyote ya ziada. Hakuna kampuni inayoweza kubadili leseni ya Linux, hata ilipe wahandisi wangapi.

Unaposoma mkataba, tafuta mambo matatu. Kwanza, je, unahamisha umiliki au unatoa ruhusa? Pili, mpokeaji ni nani: kampuni, au taasisi isiyo ya faida kama Apache Software Foundation? Tatu, kampuni nayo imeahidi nini? Mkataba wa haki huwa na sentensi inayosema kwamba mchango wako utaendelea kupatikana chini ya leseni huria. Sentensi hiyo ikikosekana, umetoa bila kupokea. Ukiona hivyo na bado unataka kuchangia, omba iongezwe kabla ya kutia saini. Baada ya saini huna tena cha kujadiliana.

Nani hasa anaandika, na nani anaingiza

```
git log --since='12 months ago' --no-merges --format='%ae' \
  | sed 's/.*@//' | sort | uniq -c | sort -rn | head -15
```

Utapata idadi ya mabadiliko kwa kila kikoa cha barua pepe katika miezi 12 iliyopita. Usiyachukue matokeo hayo kama yalivyo. Wafanyakazi wengi hutumia anwani binafsi au ile ya kuficha ya GitHub, kwa hiyo sehemu ya kampuni huonekana ndogo kuliko ilivyo. Roboti za kusasisha maktaba hujaza orodha, ziondoe. Chukua waandishi 20 wa kwanza kutoka `git shortlog -sn --no-merges --since='12 months ago'`, angalia wasifu wao wa hadharani, uandike mwajiri mbele ya kila jina. Ni kazi ya saa moja na ndiyo yenye thamani kuliko zote kwenye mwongozo huu.

Kisha tazama nani anaingiza. Kwa miradi inayounganisha kupitia tovuti ya GitHub, sehemu ya `%ce` (barua pepe ya aliyeingiza) huonyesha `noreply@github.com` tu, kwa hiyo fungua maombi ya kuingiza msimbo (pull request) 30 ya mwisho yaliyounganishwa uone nani aliyabonyeza. Halafu fungua mengine 30 yaliyotoka nje ya kampuni: yalisubiri siku ngapi, na mangapi yalifungwa bila jibu?

Kipimo cha busara ni hiki: zaidi ya asilimia 80 ya kazi ikitoka kwa mwajiri mmoja, uhesabu mradi huo kuwa bidhaa ya kampuni, hata kama ukurasa wake una nembo ya taasisi. Cloud Native Computing Foundation (CNCF), taasisi inayotunza miradi huria ya wingu, ili kuupa mradi hadhi ya juu kabisa, hudai watu wenye haki ya kuingiza msimbo watoke angalau mashirika mawili. Mawili ni machache, lakini ni bora kuliko moja.

Hatari hapa si ubaya pekee. Apple ilimiliki CUPS, mfumo wa uchapaji unaotumika kwenye Linux na macOS, tangu 2007. Mtengenezaji wake mkuu alipoondoka kwenye kampuni Desemba 2019, kazi kwenye hazina ya Apple ilikaribia kusimama, na kundi la OpenPrinting likaanza kuiendeleza kwenye hazina yake. Hakuna aliyewadhuru watumiaji kwa makusudi. Mtu mmoja aliacha kazi.

Pima pia mdundo wa kazi:

```
git log --date=format:'%Y-%m' --format='%ad' | sort | uniq -c
```

Mradi unaojengwa hadharani huonyesha mabadiliko kila mwezi. Ukiona miezi mitupu kisha mlima mmoja, kazi inafanyika ndani ya kampuni na msimbo humwagwa nje siku ya toleo. Machi 2025 Google ilitangaza kwamba uundaji wote wa Android unahamia kwenye matawi yake ya ndani, na msimbo utaendelea kutolewa matoleo yanapokamilika. Leseni ni ileile. Kinachopotea ni uwezo wako wa kuona jambo linakuja na kulipinga kabla halijakamilika. Oktoba 2021 Microsoft iliondoa kwenye zana za amri za .NET, jukwaa lake la kuandikia programu, uwezo wa kupakia msimbo upya bila kuwasha programu tena, watu wakaliona badiliko hilo kwenye hazina ya wazi, wakapiga kelele, na ndani ya siku chache likarudishwa. Kwenye tawi la ndani kelele hiyo isingekuwepo kwa wakati.

Jina na funguo

Msimbo unaweza kuuchukua, jina huwezi. Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo, ilipoingia kwenye mvutano na Oracle juu ya jina, jumuiya ilipiga kura Januari 2011 na kuwa Jenkins. Waliotoka OpenOffice mnamo 2010 waliitwa LibreOffice. Wote wawili walifanikiwa, ila kwa gharama ya kuanza upya kujulikana. Linganisha na Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena: Google ilikabidhi mradi kwa taasisi mwaka 2015, jina likiwemo. Istio, mradi mwingine ulioanzishwa na Google pamoja na IBM, ilikaa muda mrefu nje; Julai 2020 Google ilipeleka alama yake ya biashara kwenye taasisi mpya iitwayo Open Usage Commons, IBM ikalalamika hadharani, na ni mwaka 2022 tu ndipo mradi ulipoingia CNCF.

Tafuta mmiliki wa alama ya biashara chini kabisa ya tovuti ya mradi. Halafu kagua mambo ambayo hayamo kwenye leseni yoyote: kikoa cha tovuti, akaunti za kuchapisha vifurushi (`npm owner ls` ikifuatiwa na jina la kifurushi huonyesha wenye ruhusa), funguo za kutia saini matoleo, na mitambo inayojenga programu. Vyote vikiwa chini ya kampuni moja, siku ya kutengana utabaki na msimbo usio na mahali pa kuchapishwa. OpenTofu, mradi uliojitenga na Terraform (zana ya kusimamia miundombinu ya seva) baada ya kampuni ya HashiCorp kuihamishia BSL, ililazimika kujenga rejista yake yenyewe ya vifurushi, kazi ambayo wengi hawakuihesabu walipoangalia leseni peke yake.

Tayarisha njia ya kutokea ukiwa bado unaelewana nao

Weka nakala kamili kwenye seva yako:

```
git clone --mirror https://anwani-ya-mradi.git
git remote update
```

Amri ya pili iendeshwe ndani ya nakala, kila usiku. Nakala hii haichukui tiketi wala mijadala. Hizo zinatolewa kupitia API ya tovuti. Mradi ukitumia LFS kwa mafaili makubwa, ongeza `git lfs fetch --all`, la sivyo utabaki na viashiria vitupu.

Kisha jenga programu kutoka kwenye msimbo, kwenye mashine isiyo ya kampuni. Pakua vitegemezi vyote, zima intaneti, anza ujenzi. Mara ya kwanza karibu kila mradi hukwama: picha ya kontena inavutwa kutoka rejista ya kampuni, majaribio yanadai data isiyochapishwa, hatua ya mwisho inahitaji ufunguo usio nao. Andika kila mahali ulipokwama. Orodha hiyo ndiyo bei halisi ya kuondoka, na ikizidi wiki mbili za kazi ya watu wawili, anza kuipunguza sasa.

Leseni ikibadilika, tafuta badiliko lenyewe kwa amri ya mwanzo, kisha orodhesha matoleo yasiyoguswa, ukiweka namba ya badiliko mahali pa `NAMBA`:

```
git tag --no-contains NAMBA --sort=-creatordate | head
```

Usichukue tu toleo lililotangulia kwa namba. Miradi yenye matawi ya matoleo huendelea kutoa marekebisho kwenye tawi la zamani chini ya leseni ya zamani, na amri hii huyaonyesha. Hakikisha kwa kufungua faili la leseni ndani ya toleo lenyewe, mfano `git show 7.2.4:COPYING` kwa Redis.

Kuanzia siku hiyo usinakili marekebisho kutoka matoleo mapya. Hata mistari 10 ya usalama iliyotoka chini ya BSL inabaki na BSL. Aprili 2024 HashiCorp ilituma barua ya kisheria kwa OpenTofu ikidai msimbo wa BSL umenakiliwa; OpenTofu ilikana na kuchapisha maelezo ya chimbuko la kila sehemu. Iliweza kujibu kwa sababu kumbukumbu zilikuwepo. Anayeandika rekebisho asome maelezo ya udhaifu, asifungue msimbo mpya, na ujumbe wa badiliko useme alichokitumia.

Ujitenge na nani?

Hapa picha ya kampuni kubwa dhidi ya jumuiya huvunjika. Elastic (kampuni ya Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya data), HashiCorp na Redis hazikuwa majitu. Zilifunga leseni zikisema watoa huduma za wingu wanauza kazi yao bila kurudisha vya kutosha, na lalamiko hilo lina uzito. Lakini waliobeba miradi iliyojitenga kwa sehemu kubwa ni majitu hayohayo. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ilianzisha OpenSearch mwaka 2021 kutoka Elasticsearch 7.10.2. Valkey ilianzia Redis 7.2.4 na kutangazwa chini ya Linux Foundation kabla Machi 2024 haijaisha, ikiungwa mkono na AWS, Google Cloud na Oracle. Kasi ile haikuwa muujiza: baadhi ya watunzaji wa Redis walikuwa tayari wanalipwa na kampuni nyingine, wanaujua msimbo, wana mshahara wa mwezi ujao.

Kwa hiyo kampuni kubwa kadhaa zinazoshindana ndani ya mradi mmoja ni salama kuliko kampuni moja ndogo yenye nia njema. Unapochagua kati ya miradi iliyojitenga, chagua yenye waajiri watatu au zaidi wanaolipa watu, na jina linalomilikiwa na taasisi. OpenSearch yenyewe ilikaa chini ya AWS hadi Septemba 2024 ilipohamia Linux Foundation. Kabla ya hapo ulikuwa umebadilisha bwana tu. Elastic iliongeza AGPL mwaka 2024, Redis ikafuata Mei 2025. Ukifikiria kurudi, anza upya na mkataba wa mchangiaji. Huo ndio utakaokuambia kama mlango umefunguliwa au umeegeshwa.

Ukiwa wewe ndiye mtunzaji

Pokea fedha, lakini andika kanuni kabla hazijaja. Badiliko kubwa liidhinishwe na watu wa waajiri wawili tofauti. Viti vya uongozi ni vya watu, na mtu akibadilisha kazi anakwenda nacho. Mwajiri mmoja asishike zaidi ya theluthi ya viti. Kanuni hizi ni rahisi kupitisha kampuni ikiwa bado inabisha hodi, na karibu haziwezekani ikishaajiri nusu ya timu.

Kampuni ikileta taarifa ya udhaifu, ulizia na rekebisho. Project Zero, timu ya Google inayotafuta udhaifu wa usalama, huweka muda wa siku 90 kabla ya kutangaza undani wake. Muda huo ni mwingi kwa idara yenye watu, mdogo kwa mtu mwenye kazi nyingine ya kutwa. Udhaifu wa Heartbleed wa Aprili 2014 ulionyesha jinsi OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano iliyotegemewa na sehemu kubwa ya intaneti, ilivyobebwa na watu wachache mno. Jibu la haki kwa kampuni inayotegemea mradi wako ni hili: tuma mhandisi, au lipa muda wa mtunzaji, na uandike kwa miezi mingapi.

Rudia upimaji kila miezi 6, na papo hapo ukisikia kampuni inauzwa, inaingia soko la hisa au imepunguza wafanyakazi wa timu ile. Leseni na sheria za kuchangia zichungwe na mashine. Ndani ya nakala ya kawaida ya hazina, weka hii kwenye ratiba ya kila siku:

```
git fetch -q origin
git diff --quiet HEAD origin/HEAD -- LICENSE COPYING CONTRIBUTING.md \
  || echo "Leseni au sheria za kuchangia zimeguswa"
```

Ukishasoma kilichobadilika na kuridhika, endesha `git pull` ili onyo lizime hadi badiliko lijalo.